Cherehani Ikinyamaza

Mdogo wangu ana masikio ya paka. Awe juu ya cherehani, mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, kitambaa kinakimbia chini ya sindano, na bado atamsikia mtoto wake akikohoa chumba cha nyuma. Hapo hapo mguu unasimama. Atainua kichwa, atageuza shingo kuelekea kwenye pazia, na hatavuta pumzi mpaka ajue kama kuna kikohozi cha pili. Kisipokuja, anakanyaga tena. Kikija, ameshafika mlangoni na mkasi bado uko mkononi.

Mimi ni dada yake mkubwa, na kwa mtoto huyo ni mama mkubwa. Kazi yangu hapa dukani ni ya mkono: vifungo, pindo, na kufumua makosa ya mdogo wangu, ambayo yeye anasema ni machache na mimi nasema tusigombane. Nakaa dirishani kwa ajili ya mwanga. Macho yangu ni mazima, lakini sikio la kushoto lilikwishastaafu bila kuaga, na la kulia linafanya kazi siku likipenda. Kwa hiyo katika nyumba yetu kusikia kulikuwa kazi ya mdogo wangu, kuona kulikuwa kazi yangu, na kusema tulimwachia Chiriku.

Chiriku ndiye mtoto mwenyewe. Jina la utani alipewa na baba yake, ambaye ni dereva wa malori na nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo. Alisema mtoto huyu alianza kuongea kabla ya kuota meno. Kweli, alikuwa na maneno. Akitoka shule alikuwa anaanza kusimulia akiwa bado barabarani, na akifika mlangoni hadithi iko katikati, ukitaka mwanzo umfuate nyuma.

Kisha ikaja pumu.

Sitaki kuieleza sana, maana aliyewahi kumwona mtoto akiitafuta hewa hahitaji kuelezwa, na asiyewahi kuona, Mungu amwepushe. Mabega yanapanda mpaka masikioni. Ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani. Kifua kinapiga filimbi, na wenzake shuleni walipoisikia hiyo filimbi hawakukawia kumpa jina la pili. Watoto wana roho ngumu kwa wenzao, tusidanganyane.

Mdogo wangu aliigeuza nyumba nzima. Zulia lilitoka. Mito ya kitandani ilitoka. Paka alipewa jirani, akarudi, akapewa jirani wa mbali zaidi. Kazi ya kukata vitambaa ilihamia uani, jua au wingu. Kamba ya kuruka ilifungiwa kabatini kama kitu cha wizi. Chiriku akicheka sana aliambiwa, "Taratibu." Akikimbia aliambiwa, "Taratibu." Akilia kwa sababu ya kuambiwa taratibu, aliambiwa taratibu. Na usiku mama yake alilala amemwekea mkono ubavuni, akihesabu kupanda na kushuka, asubuhi anaamka macho mekundu kama mtu aliyepika kwa kuni mbichi.

Sikumlaumu, na hata sasa simlaumu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ila nilikuwa namwona mtoto pia. Nilimwona anavyomtazama mama yake usoni kila anapokohoa, kwanza akohoe, halafu amtazame, kama mtu aliyevunja kikombe cha wageni.

Sasa niwaambie habari za jirani yetu, Mama Ushauri. Jina hilo hakupewa na mtu mmoja, mtaa mzima ulikubaliana. Mama Ushauri ana dawa ya kila ugonjwa na neno la kila msiba, na mdomo wake hauna breki. Siku moja alikuja kuchukua sketi yake, akamkuta mdogo wangu ameegemea ukuta baada ya mtoto kubanwa asubuhi ile. Mtoto alikuwa amepata nafuu, amelala nyuma ya pazia. Mama yake ndiye aliyekuwa bado anatetemeka.

"Jitazame ulivyokonda," Mama Ushauri alisema. "Pumu ya mtoto haitamuua mtoto. Itakuua wewe, kwa presha. Mwanamke mwenzangu kule nilikokuwa nikikaa alikuwa hivi hivi. Kila mtoto akikohoa, moyo unaruka. Siku moja mtoto akakohoa, mama akaanguka, basi."

"Chukua sketi yako," nilimwambia.

Aliichukua. Lakini neno likishatoka halirudi na sketi. Pazia letu ni kitambaa chepesi tu, na Chiriku hakuwa amelala.

Baada ya siku hiyo kikohozi kilikwisha.

Nasema kilikwisha kwa sababu ndivyo tulivyoamini. Ulikuwa msimu wa sare za shule, na mwalimu mkuu mmoja alikuwa ametuletea vitambaa vya darasa zima la kwanza, mashati na sketi na kaptula. Cherehani ilikuwa haipoi. Mdogo wangu alikanyaga kuanzia asubuhi, na kila aliposimama kubadili bobini ya uzi au kugeuza mkono wa shati, alitega sikio. Kimya. Anashona, anasimama, anatega. Kimya. Uso wake ulianza kurudi kuwa uso.

"Dada, unasikia?" aliniuliza siku moja.

"Mimi? Mimi nisikie nini?"

"Basi ndiyo hivyo. Hakuna kitu." Akacheka, na nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya. "Mtoto wangu amepona. Inasemekana wengine wakikua inaondoka yenyewe."

Chiriku alikuwa nyuma ya pazia akifanya kazi za shule. Alikuwa anatoka mara moja moja, anasimama karibu na cherehani, anauliza, "Mama, kichwa hakikuumi?"

"Hakiniumi, mwanangu."

"Na moyo?"

"Moyo wangu una nini? Nenda kasome."

Mdogo wangu aliona ni upendo, na ulikuwa upendo. Mimi niliona kitu kingine, ila sikujua ni kitu gani. Mtoto alikuwa amepunguza maneno. Hadithi za shule zilikuja fupi, kisha zikaja nusu, kisha akawa anajibu kwa kichwa. Nilidhani ni kukua. Wasichana wakikaribia umri fulani hunyamaza, halafu huanza tena kwa nguvu mpya.

Siku mwalimu mkuu alipokuja kuchukua sare, tulikuwa hatujamaliza. Alisimama mlangoni akiwa amejifunga tai yake fupi, funguo za gari zinazunguka kidoleni.

"Fundi, uliniambia leo."

"Leo haijaisha, Mwalimu. Kaa hapo. Limebaki shati moja na nusu."

"Fundi wa nguo na mganga wa kienyeji," mwalimu aliniambia mimi, "wote wakikwambia kesho, ujue hawajui."

"Na mwalimu akisema mtoto wako ana akili?" nilimjibu. Akacheka, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Mdogo wangu aliinama, akakanyaga kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima kwa baiskeli. Cherehani yetu ni ya miguu, ya zamani, na mkanda wake wa ngozi ulikuwa umekwisha kuungwa na kuungwa tena. Ilikuwa katikati ya mshono wa bega. Mkanda ukakatika, paa!, gurudumu likazunguka peke yake kidogo, kisha likasimama.

Katika kimya kile, nyuma ya pazia, tulisikia kikohozi.

Hata mimi nilikisikia, na sikio langu hili bovu. Hakikuwa kikohozi kinachoanza. Kilikuwa katikati, kirefu, kinachokwaruza, na chini yake ile filimbi. Kisha kikakatwa ghafla, kama mtu amezibwa mdomo.

Mdogo wangu hakuinuka haraka. Alibaki ameshika shati, ananitazama. Nadhani tulielewa kwa pamoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuelewa.

Tulipofungua pazia Chiriku alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imekaza magotini, mabega masikioni. Mdomoni alikuwa amejibana na khanga iliyokunjwa. Kando yake ilikuwepo pampu ya bluu, ile ya kuvuta dawa akibanwa. Mdogo wangu aliinyakua, akaitikisa, akaibonyeza hewani. Haikutoa kitu. Pampu ambayo tuliamini haijaguswa kwa sababu mtoto amepona, ilikuwa imekwisha.

"Tangu lini?" alisema. "Tangu lini, Chiriku?"

"Ma," mtoto alisema. Akavuta hewa. "Ma, si." Akavuta tena. "Sijambo."

Mtoto aliyekuwa akimaliza hadithi nzima kwa pumzi moja, sasa alilinunua neno moja kwa pumzi tatu. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Hapo mdogo wangu akapasuka. Alimshika mtoto mabegani na kumpigia kelele ambazo hata barabarani walizisikia. "Unaniua! Kwa nini unataka kuniua, mwanangu? Unaniua!"

Nilikuwa nimesimama upande wa macho ya mtoto. Sitayasahau. Halikuwa jicho la kutafuta hewa peke yake. Lilikuwa la mtu aliyefanya kila aliloweza ili jambo fulani lisitokee, na sasa analiona linatokea mbele yake. Kifua chake kikabana mara mbili ya mwanzo.

"Twendeni," mwalimu mkuu alisema nyuma yetu. Hakuwa na mzaha tena. "Gari liko nje."

Zahanati haikuwa mbali, lakini njia ya kwenda kwa daktari haijawahi kuwa fupi. Mwalimu aliendesha huku mkono mmoja uko kwenye honi. Mdogo wangu alimpakata mtoto kiti cha nyuma, na kila mtoto alipovuta pumzi yeye pia alivuta, kwa sauti, kama anaweza kumvutia. Mimi nilikuwa mbele na shati lenye bega moja. Sijui nililichukua kwa nini.

Walimweka kwenye mashine ya mvuke, barakoa ya plastiki usoni, moshi wa dawa unatoka pembeni. Walimchoma sindano. Tukaambiwa tusubiri. Kusubiri ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimewahi kubeba mawe. Mdogo wangu alikaa kwenye benchi, na mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Hakujua kama unakwenda.

Jioni filimbi ilipungua. Mabega yakaanza kushuka. Nesi, msichana mnene mwenye sauti ya chini, alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Hakutuuliza sisi. Alimuuliza Chiriku.

"Ulikuwa unabanwa siku zote hizi?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

"Na Mama hakusikia?"

"Nilikuwa nakohoa cherehani ikienda," Chiriku alisema ndani ya barakoa. "Ikisimama nazuia."

"Unazuia vipi kikohozi?"

"Kwa khanga. Na kuhesabu. Mama huwa hasimami sana msimu wa sare."

Nesi alimtazama mdogo wangu, kisha akarudi kwa mtoto. "Kwa nini uzuie? Mama si ndiye wa kukusaidia?"

Mtoto alifumba macho. Nilidhani amechoka. "Cherehani ikisimama, najua Mama ameogopa," alisema. "Na akiogopa sana atakufa. Mama Ushauri alisema. Halafu na mimi nikisikia imesimama, kifua kinabana zaidi. Ikienda, najua Mama yuko sawa, napumua."

Siku zote tulidhani mwenye masikio ya paka katika nyumba ile ni mmoja. Kumbe walikuwa wawili, kila mmoja upande wake wa pazia, kila mmoja akimsikiliza mwenzake kama bado yu hai.

Mdogo wangu alitoka nje. Nilimfuata, nesi akatufuata.

"Kwa hiyo ni mimi," mdogo wangu alisema. "Ni hofu yangu inayombana. Basi niambie nisiogope. Wewe una mtoto? Niambie mtu anaachaje kuogopa, niache leo hii."

"Pumu hujampa wewe, mama," nesi alisema. "Wala sikwambii usiogope. Nakwambia uogope ukiwa na kazi mkononi. Akibanwa, dawa kwanza, na wewe endelea na jambo analolijua. Akuone uko."

Akatueleza mambo ya dawa. Pampu ya kahawia kila siku, asubuhi na jioni, hata akiwa anaruka kamba. Na kamba aruke. Ya bluu akibanwa, kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa kitako, ili dawa isiishie mdomoni. Na kama baada ya dawa hawezi kumaliza sentensi, tuje mbio, tusingoje. Nilifikiri, kwa Chiriku hicho ni kipimo kizuri, Mungu mwenyewe alimpimia.

Kuhusu Mama Ushauri nitasema kwa kifupi. Alikuja kesho yake na pole zake, akaanza, "Mficha maradhi, kilio—" Sikumwachia amalize. Nilimwambia mkanda wa cherehani yetu umekatika, na mdomo wake nao unahitaji mkanda, kama anao uzi mgumu nimshonee. Alilia. Nilimhurumia, lakini si sana, na sikumwomba radhi.

Mkanda mpya ulifungwa. Sare zilikwenda zikiwa zimechelewa. Ungedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mtoto aliyejifunza kujificha hafundishwi kujitokeza kwa siku moja. Mdogo wangu aliposimamisha mguu kugeuza nguo, nyuma ya pazia palikuwa na kimya kile kile, na sasa tulijua kimya kile kimeshonwa na nini.

"Kohoa, mwanangu," mdogo wangu alisema kwenye pazia. "Kama kipo, kohoa tu."

"Hakipo, Mama."

Alipokanyaga tena, niliinuka kwenda kuchungulia. Mtoto alikuwa anakohoa.

Hofu yetu ikawa mpya, na mbaya kuliko ya zamani. Ya zamani ilikuwa ya kusikia. Hii ilikuwa ya kutosikia. Mdogo wangu alianza kushona bila kusimama kabisa, akageuza nguo huku mguu unakwenda, mishono ikapinda kama njia ya mlevi. Mimi nikafumua. Akashona, nikafumua.

Kisha likaja juma la mvua na baridi, kuta zikatoa jasho. Ilikuwa mchana, mdogo wangu anashona gauni la bibi mmoja mzee, mkono mrefu wa kitambaa cheusi. Nilimwona akikaza shingo. Mguu ukasita, nusu tu, kama moyo unaporuka pigo. Halafu ukaendelea.

"Dada," alisema bila kuinua macho, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nenda. Mlete huku."

Chiriku alikuwa amekaa vile vile, mabega juu. Nilimshika mkono, nikamleta na pampu yake na chupa yake, nikamkalisha kwenye kigoda karibu kabisa na cherehani, goti lake likigusa mguu wa meza. Nikatikisa pampu, nikaichomeka kwenye chupa, akavuta. Tukangoja. Akavuta tena.

Macho yake hayakunitazama mimi. Yalikuwa kwenye mguu wa mama yake.

"Shona," alisema. Akavuta hewa. "Shona, Mama."

"Nashona, mwanangu. Si unaona nashona?"

Na alishona. Machozi yalikuwa yanamdondokea mikononi na kwenye gauni la watu, lakini mguu ulikwenda, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Kichwani nilikuwa nimeshapanga nani ana gari, na nani nitamgongea kwanza. Nilimpa dawa tena. Filimbi ilikuwa bado ipo. Nilimwambia Chiriku aniambie shuleni leo kulikuwa na nini, akasema, "Mwalimu," kisha akatafuta hewa, na sentensi ikabaki hapo, haina mkia. Nikaangalia mlango.

Hapo ndipo nilipoona uzi. Ulikuwa umekatika. Kipande kilichotoka kwenye kigurudumu cha uzi kilikuwa kinaning'inia pembeni, kinacheza na upepo, na tundu la sindano lilikuwa tupu. Mdogo wangu aliona kwamba nimeona. Alinitikisia kichwa, kidogo sana. Ili autunge uzi angelazimika kusimama. Hakusimama. Alifika mwisho wa mkono wa gauni, akaugeuza, akarudi nao, sindano inatoboa na haishoni, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Yeye anayenigombeza nikifumua mshono mmoja, alikanyaga cherehani tupu kama anatengeneza gauni la harusi.

Nikampa mtoto dawa nyingine, ndani ya kiasi tulichoambiwa. Tukangoja, na cherehani ikaendelea.

Kwanza bega la kushoto ndilo lililoshuka. Kisha la kulia. Ngozi ya katikati ya mbavu ikajaa tena. Akameza mate.

"Mwalimu wetu wa hesabu leo amevaa soksi za rangi mbili, na alipoambiwa akasema nyumbani anazo nyingine kama hizo hizo," Chiriku alisema, mpaka mwisho, bila kukata.

Nilikaa chini.

"Mama," mtoto alisema.

"Naam, mwanangu."

"Uzi umekatika."

Mguu wa mdogo wangu bado ulikuwa unakwenda. "Umejuaje?"

"Cherehani ikiwa haina uzi inalia nyepesi. Umekatika zamani, kabla sijavuta mara ya pili."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia ungesimama."

Hapo mguu ukasimama.

Nyumba ilinyamaza. Mvua ilikuwa imeshakatika bila sisi kujua. Sote watatu tulitazama mkono ule mweusi wa gauni, mistari ya matundu madogo imeupanda na kuushuka, na mdogo wangu alipouinua dirishani mwanga ulipita. Kisha Chiriku akaacha kutazama gauni, akamtazama mama yake usoni, polepole, kama mtu anayeingia chumba chenye giza.

"Unaogopa?"

Nilidhani mdogo wangu atamdanganya. Ningekuwa mimi ningemdanganya.

"Naogopa sana," alisema.

"Lakini hujafa."

"Sijafa."

Mtoto alilifikiria hilo. Nami, ambaye kazi yangu ni kuona, nikaona kikohozi kinakuja. Niliona kinavyopanda kifuani, mabega yanavyokikaribisha, na mkono wake unavyokwenda mdomoni kwa mazoea. Ulifika karibu na kidevu, ukabaki hewani. Cherehani ilikuwa kimya. Hapakuwa na kitu cha kujifichia.

Chiriku akakohoa. Alikohoa kwa nguvu, vibaya, mpaka machozi yakamtoka, na alipomaliza akakohoa tena.

Mdogo wangu hakuruka. Alishika ncha ya uzi, akailowesha mdomoni, akaanza kutafuta tundu la sindano. Alikosa upande wa kulia, akakosa wa kushoto, akakosa tena.

"Lete," Chiriku alisema, na kuinuka kwenye kigoda, na kumtungia.